Injini ya Volkswagen kuukuu inaponguruma bila kukanyagwa: Skrubu iguswe mwisho

GARI limesimama kwenye foleni, gia imetolewa na mguu wa dereva hauko kwenye mafuta. Injini ambayo ilistahili kuvuma taratibu inanguruma kana kwamba imechelewa safari. Dereva anapoingiza gia ya kwanza, gari linaruka mbele. Anapoondoa mguu kwenye mafuta mteremkoni, gari halipungui mwendo jinsi lilivyozoea.

Wenye magari ya zamani yanayotumia kabureta hukumbana na kasoro hii mara kwa mara, na wenye Volkswagen Beetle wanaijua vyema. Gari hilo la mgongo wa mviringo, ambalo injini yake hukaa nyuma na kupozwa kwa hewa badala ya maji, lilijipatia sifa nchini Kenya tangu mashindano ya kwanza ya Safari Rally katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1962, Tommy Fjastad na mwenzake Bernhard Schmider waliibuka washindi wa mashindano hayo wakiendesha Volkswagen.

Beetle ya mwisho ya muundo huo wa zamani iliundwa Puebla, Mexico, mnamo Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutengenezwa. Yaliyosalia barabarani yanategemea mafundi wanaoijua kabureta kwa mkono na kwa sikio, ilhali vijana wanaojifunza kazi hiyo siku hizi wamezoea injini zinazochunguzwa kwa kompyuta.

Aghalabu tiba inayotolewa kwa mngurumo huo ni moja. Fundi huchukua bisibisi, hulegeza skrubu iliyo ubavuni mwa kabureta, mngurumo hushuka, mwenye gari hulipa na kuondoka. Baada ya siku chache mngurumo hurudi, au injini huanza kuzimika kila asubuhi. Skrubu haikuwa na hatia yoyote. Kilichofanyika ni kunyamazisha dalili na kuuacha ugonjwa ukiendelea ndani kwa ndani.

Ugonjwa wenyewe waweza kuwa na gharama kubwa. Ikiwa mngurumo unatokana na hewa inayopenya mahali isipotakiwa, mchanganyiko unaochomwa ndani ya silinda huwa na hewa nyingi na petroli kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo huzidisha joto la injini, na injini inayopozwa kwa hewa haina maji ya kuisitiri. Katika Beetle, silinda nambari tatu ndiyo huumia kwanza. Kwenye injini zilizoundwa kabla ya magari ya mwaka wa 1971, kipozaoili kilikuwa kimesimamishwa kwenye njia ya hewa inayokwenda kwa silinda hiyo, hivyo ikawa inapokea hewa ambayo tayari imepashwa joto. Vali yake ya kutolea moshi ikiungua na kukatika kichwa, kipande hicho huponda pistoni, na mwenye gari hujikuta akitafuta injini nyingine.

Fauka ya hayo kuna suala la usalama. Beetle nyingi zina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, tena bila kifaa cha kumwongezea dereva nguvu ya mguu. Anayeshuka bonde kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu hutegemea gia ndogo na injini yenyewe kulizuia gari. Injini ambayo kilango chake cha hewa hakijifungi barabara haizuii inavyopaswa, na mzigo wote huangukia breki, ambazo zikipata moto sana hulegea.

Swali ni moja: hewa inapitia wapi?

Ili kuelewa pa kuanzia, yafaa ikumbukwe jinsi kabureta inavyofanya kazi. Injini huvuta hewa kama pampu. Hewa hiyo hupita kwenye koo la kabureta, ikachukua petroli, na kiasi kinachopita huamuliwa na kilango cha mviringo kilichoshikiliwa na shafti nyembamba chini ya koo hilo. Dereva anapokanyaga mafuta, kwa hakika hamwagi petroli zaidi moja kwa moja, bali anafungua kilango hicho. Anapoondoa mguu, kilango hurudi na kukaribia kufunga kabisa. Injini hubaki ikivuma kwa hewa kidogo inayopenya pembeni, pamoja na petroli kidogo inayopitia tundu lake maalum. Kasi hiyo ya injini isiyokanyagwa ndiyo inayoitwa hapa kasi ya kungoja.

Kwa sababu hiyo, injini inayonguruma bila kukanyagwa inapata hewa zaidi ya ile iliyopimiwa. Ama kilango hakijafunga, ama kuna ufa mahali fulani chini ya kilango. Sababu kubwa iliyo nje ya hizo ni cheche za plagi kuwashwa mapema kupita kiasi, hali inayoifanya injini kupata nguvu nyingi kutoka kwa hewa ile ile ndogo. Uchunguzi wote unaofuata ni njia ya kutenganisha mambo hayo matatu.

Kabureta itakayotumiwa kama mfano ni Solex aina ya 34 PICT-3, ambayo ilifungwa kwenye Beetle za injini ya sentimita za ujazo 1,600 kuanzia magari ya mwaka wa 1971, na ambayo imehamishiwa kwenye injini nyingi za awali. Kwenye kabureta hiyo, gari la gia za kawaida linapaswa kungoja kwa mizunguko kati ya 800 na 900 kwa dakika. Anayetaka uhakika atumie kipimo cha mizunguko, kwa maana masikio hudanganya, hasa bomba la moshi likiwa limetoboka.

Kipimo hicho hakina maana injini ikiwa baridi. Asubuhi, hususan Julai kule Limuru au Nyahururu, kabureta imeundwa kuipa injini kasi ya juu zaidi kimakusudi hadi ipate joto. Mwenye gari anayelalamika kuhusu mngurumo wa dakika mbili za kwanza hana gari bovu.

Tena kuna jambo dogo ambalo limewapeleka wengi gereji bure. Kasi hiyo ya asubuhi hushikiliwa na kipande chenye vidato kilichounganishwa na choki, na skrubu ya wenzo wa kilango hukaa juu ya kidato kimojawapo. Choki ikifunguka, kipande hicho hutaka kuzunguka ili skrubu iteremke, lakini hakiwezi maadamu skrubu ingali inakikandamiza. Anayeliwasha gari uani na kuliacha lipate joto bila kuligusa atasikia mngurumo ule ule hata baada ya robo saa. Akanyage mafuta mara moja na kuachilia. Skrubu itashuka kidato na mngurumo utatulia.

Mguuni hadi kwenye wenzo

Ikiwa injini ina joto, mafuta yamekanyagwa na kuachiliwa, na bado mngurumo upo, hatua ya kwanza haigharimu chochote. Injini izimwe, kifuniko cha nyuma kifunguliwe, na kebo ya mafuta ifunguliwe pale inapokamata wenzo wa kabureta. Injini iwashwe tena. Mngurumo ukishuka, kabureta haina kosa.

Kebo ya Beetle ina safari ndefu. Hutoka kwenye pedali, ikapita ndani ya mfereji wa katikati ya sakafu, ikatokeza nyuma na kupenya kwenye kasha la feni kabla ya kufika kwenye kabureta. Vumbi la barabara za murramu, kutu na grisi iliyokauka huifanya ikwame njiani. Huenda pia nyuzi zake chache zimekatika na kunasa kwenye bomba linaloipitisha. Kebo yenye nyuzi zilizokatika haipakwi grisi na kurudishwa, hubadilishwa siku hiyo hiyo, kwani inayokwama leo mizunguko ikiwa 1,500 yaweza kukwama kesho pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho.

Pedali yenyewe nayo ichunguzwe. Zulia lililokunjamana, au bawaba iliyoshika kutu, hutosha kuzuia kilango kisirudi. Springi ya kurudishia iliyo kwenye kabureta ikiwa imelegea, inunuliwe inayostahili. Tabia ya kufunga springi ya pili kwa waya ili ivute kwa nguvu zaidi haifai, kwa maana huikaza shafti upande mmoja na kuila haraka, na madhara yake yataonekana baadaye.

Kebo inaporudishwa, isikazwe mno. Pedali ikikanyagwa hadi chini, nafasi ya takriban milimita moja inapaswa kubaki kati ya wenzo na kizuizi chake. Kebo iliyovutwa kupita hapo hukatika upesi, na ikivutwa zaidi haimruhusu wenzo kurudi kikamilifu.

Choki isiyofunguka

Choki ya Beetle hufanya kazi yenyewe. Ndani ya kifuniko cha duara kilicho kando ya kabureta mna springi ya madini mawili ambayo hujikunjua inapopata joto, na joto hilo hutoka kwa elementi ya umeme inayowashwa ufunguo unapogeuzwa. Springi ikipoa hufunga kilango cha choki juu ya koo la kabureta. Ikipata moto hukifungua hadi kisimame wima.

Kuijaribu ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa baridi, kichujio cha hewa kitolewe, mafuta yakanyagwe mara moja na kuachiliwa. Kilango cha juu kinapaswa kujifunga. Injini iwashwe na kilango kitazamwe: baada ya dakika chache kinapaswa kuwa kimesimama wima. Kikibaki kimelala, kipande chenye vidato nacho hakijashuka, na mngurumo utakuwepo mchana kutwa.

Sababu ya kawaida ni waya. Ule unaotoka kwenye koili kwenda kwenye choki huchomoka, hukatika ndani ya plastiki yake, au huachwa ukining'inia na fundi aliyekuwa akishughulikia jambo jingine. Taa ndogo ya kupimia umeme itaonyesha kama moto unafika. Ikiwa unafika na choki haipati joto, elementi imeungua.

Sababu nyingine humponyoka hata fundi mzoefu. Beetle za zamani zilitumia umeme wa volti 6, nazo za baadaye volti 12. Elementi ya volti 12 ikifungwa kwenye gari la volti 6, hupata takriban robo tu ya joto lake. Itafanya kazi, lakini polepole mno, na mwenye gari atafika kazini kabla choki haijafunguka. Kinyume chake, elementi ya volti 6 kwenye gari la volti 12 hufungua choki upesi kisha huungua. Volti huandikwa kwenye kifuniko, na kuisoma ni kazi ya dakika moja.

Aidha, kifuniko hicho kikiwahi kufunguliwa, huenda ncha ya springi haikurudishwa kwenye ndoano ya shafti ya choki. Hapo springi hujikunja na kujikunjua peke yake bila kusogeza kitu. Skrubu tatu za pete inayokishikilia zilegezwe, ndoano ihakikishwe, kisha alama ya kifuniko ilinganishwe na alama ya katikati kwenye kabureta.

Ufa usioonekana

Kebo na choki zikiwa safi, sasa yafaa kutafuta hewa ya wizi. Hapa ndipo subira huhitajika, na hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kurudi kwenye bisibisi.

Jaribio la kwanza ni kuziba koo la kabureta kwa kipande kinene cha mpira au ubao mwembamba injini ikivuma. Kiganja cha mkono kisitumiwe, maana injini huweza kutema moto juu. Injini nzima inapaswa kuzimika mara moja kwa kukosa hewa. Ikiendelea kuvuma, hata kwa kusuasua, inavuta hewa mahali pengine.

Mahali hapo huwa pachache na panajulikana. Chini ya kabureta pana gasketi ambayo hukauka, au kabureta imekazwa upande mmoja hadi kitako chake kikapinda. Nati mbili zinazoishikilia zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Kisha kuna mipira ya plastiki au raba inayoziba matundu ya ziada kwenye kabureta na manifoldi. Mmoja ukidondoka, tundu lake huvuta hewa bila kelele. Mpira wa distribyuta nao hupasuka kwenye ncha zake, penye joto zaidi.

Lakini mshukiwa mkuu ni manifoldi yenyewe. Kwenye injini za 1,600 za kuanzia magari ya mwaka wa 1971, manifoldi ina vipande vitatu: bomba la katikati na ncha mbili za alumini, na vipande hivyo vimeunganishwa kwa mikono mifupi ya raba iliyobanwa kwa klipu. Raba hizo hukaa juu ya injini yenye moto mchana na kupoa usiku, mwaka baada ya mwaka, hadi zikapasuka upande wa chini usioonekana kwa macho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na katika injini hii ukuta wenyewe ni ile silinda nambari tatu. Raba mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu zaidi kwenye gari hili, na asiyejua zilibadilishwa lini azibadilishe tu.

Njia iliyozoeleka ya kutafuta ufa ni kumwagia petroli au kupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio, na kusikiliza kama injini itabadilisha sauti. Njia hiyo hutoa jibu, ila ni ya hatari. Distribyuta inatoa cheche karibu na hapo, mabomba ya moshi yana moto, na kasha la injini ya Beetle limeundwa kwa mchanganyiko wa madini ya magnesiamu, ambayo yakishika moto huwaka vikali na hayazimwi kwa maji. Magari kadha wa kadha yameteketea kwa makosa madogo kuliko hayo.

Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia hutosha. Yanyunyiziwe kidogo kidogo kwenye kila ungio, mbali na distribyuta na nyaya za plagi. Penye ufa, maji huvutwa ndani na mvumo hubadilika kwa muda mfupi. Kipande cha mpira mrefu kilichotegwa sikioni nacho hufichua mluzi mwembamba mahali ambapo macho hayafiki. Kazi hii ifanyiwe nje, kwa kuwa moshi wa injini una gesi ya sumu isiyonusika, na injini isiachwe ikivuma ndani ya gereji iliyofungwa. Tai, leso na mikono mirefu iliyolegea viwekwe mbali na mkanda wa feni.

Penginepo hewa ya wizi hupitia kwenye shafti ya kilango chenyewe. Shafti hiyo huzunguka ndani ya matundu ambayo huliwa kadiri miaka inavyopita, hasa palipofungwa ile springi ya nyongeza iliyotajwa awali. Injini ikiwa imezimwa, wenzo ushikwe na kutikiswa juu na chini. Ukicheza waziwazi, hakuna skrubu wala gasketi itakayosaidia. Kabureta itolewe ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea ili atie bushi mpya. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, kabureta halisi ya Solex hudumu kuliko nyingi kati ya zile za kuiga zinazouzwa zikiwa mpya.

Cheche zinazowahi

Ikiwa hewa haiibwi popote, distribyuta ndiyo inayofuata. Kuizungusha kidogo ili cheche ziwahi huongeza kasi ya kungoja, na kuna mafundi wanaofanya hivyo makusudi ili gari lionekane lina nguvu. Mwenye gari hufurahi kwa wiki moja, kisha injini huanza kugonga inapopanda mlima.

Kipimo sahihi hutegemea distribyuta iliyofungwa, na hapa Beetle huwachanganya wengi. Magari ya mwaka wa 1971 hadi 1973 yenye distribyuta ya mipira miwili hupimwa yakiwa yamewekwa nyuzi 5 baada ya pistoni kufika juu, mipira ikiwa imeunganishwa. Mmoja wa mipira hiyo una kazi ya kuchelewesha cheche wakati injini inangoja. Ukichomoka, au ngozi iliyo ndani ya kikopo cha distribyuta ikipasuka, cheche hazicheleweshwi tena na mngurumo hupanda. Anayeshusha mngurumo huo kwa skrubu atakuwa ameficha kikopo kilichopasuka.

Distribyuta aina ya 009, isiyo na mpira wowote, imefungwa kwenye magari mengi baadaye, na vipimo vyake ni tofauti kabisa. Kuitegea nyuzi 5 za ile nyingine ni kukosea. Jambo la msingi ni kwamba namba iliyochapwa kwenye mwili wa distribyuta isomwe kabla ya taa ya taimingi kuwashwa.

Upo pia mzunguko mmoja mbaya. Kwenye distribyuta zinazowahisha cheche kwa mvuto wa hewa, tundu la mpira wake liko kidogo juu ya kilango cha kabureta. Kilango kikiwa kimefunguliwa kupita kiasi kwa skrubu, tundu hilo huanza kuvuta hata injini ikingoja, cheche huwahi, na mngurumo huongezeka juu ya mngurumo. Fundi hugeuza distribyuta ili kuushusha, na sasa gari halina nguvu barabarani. Makosa mawili yameshikana mikono, na kila moja limeficha mwenzake.

Sasa bisibisi

Baada ya hayo yote ndipo skrubu huguswa, na 34 PICT-3 ina tatu ambazo hazina budi kutofautishwa. Moja iko kwenye wenzo na hukaa juu ya kipande chenye vidato. Nyingine mbili ziko upande wa kushoto wa kabureta: kubwa hupitisha hewa kandokando ya kilango, na ndogo hupima mchanganyiko. Kwenye kabureta hii kasi ya kungoja hurekebishwa kwa skrubu kubwa pekee. Kabureta za awali, kama vile 30 PICT-1, hazina skrubu hiyo na hurekebishwa kwenye wenzo, na mafundi waliojifunzia kwenye hizo ndio huigeuza skrubu ya wenzo hata pasipostahili.

Dalili ya kosa hilo hupatikana kwa kuchomoa waya wa kifungio cha umeme, kile kikopo kidogo kilichoskrubiwa ubavuni mwa kabureta ambacho hukata petroli ya kungoja ufunguo unapozimwa. Waya ukichomolewa injini ikivuma, inapaswa kuzimika papo hapo. Isipozimika, kilango kimefunguka mno na injini inajipatia petroli kupitia matundu mengine, au kifungio chenyewe kimekwama wazi. Vivyo hivyo, skrubu ndogo ikigeuzwa bila kuleta badiliko lolote, kilango kinashukiwa.

Marekebisho huanza injini ikiwa na joto na choki ikiwa wima. Skrubu ya wenzo hulegezwa hadi iachane na kipande chenye vidato, kisha hurudishwa hadi iguse tu, na kuongezwa robo ya mzunguko. Haiguswi tena baada ya hapo. Skrubu ndogo hukazwa polepole hadi mwisho, bila nguvu ili ncha yake isiharibike, kisha hufunguliwa mizunguko miwili na nusu.

Injini huwashwa, na skrubu kubwa hugeuzwa hadi kipimo kisome mizunguko 850. Kuifungua huongeza kasi, kuikaza huipunguza. Halafu skrubu ndogo hugeuzwa taratibu kutafuta mahali injini inapovuma kwa kasi zaidi, ikishapatikana hukazwa kidogo hadi kasi ishuke kwa mizunguko 20 au 30. Mwishowe skrubu kubwa hurudisha 850. Ikiwa skrubu kubwa imekazwa hadi mwisho na mngurumo bado uko juu, hakuna la kufanya ila kurudi kutafuta hewa ya wizi, kwa kuwa bado ipo.

Mahali pa kufanyia kazi hiyo pana uzito wake pia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja kwa tano likilinganishwa na Mombasa. Gari lililorekebishwa Nairobi likiteremka pwani hupata hewa nzito zaidi kupitia nafasi ile ile, na kasi yake ya kungoja huweza kupanda kidogo bila kasoro yoyote. Anayehamia pwani alirekebishe upya huko. Anayekwenda kwa wiki moja aliache kama lilivyo, mradi kebo inarudi na mngurumo hauzidi kuongezeka.

Baada ya kilomita 100 au 200, plagi zifunguliwe zote nne na kupangwa kwa nambari za silinda. Zikiwa na rangi ya hudhurungi, mchanganyiko ni mzuri. Plagi za upande mmoja zikiwa nyeupe ilhali za upande wa pili ni hudhurungi, raba ya manifoldi au gasketi ya upande huo mweupe ndiyo ya kufunguliwa kwanza. Zikiwa nyeupe zote nne, uchunguzi urudi chini ya kabureta.